Njia Panda ya Makurunge

Nyumbani kwetu Msasani hakuna safari isiyotanguliwa na ubishi. Hata mtu akienda Kariakoo kununua kitambaa, lazima wawili watatu wabishane: apitie Kinondoni au ashuke na Barabara ya Ali Hassan Mwinyi? Sasa fikiria ilikuwaje mwishoni mwa Mei 2023, ilipokuja habari kwamba mama mkubwa, dada yake mama, yuko kitandani kule Pangani na anamtaka mdogo wake.

Shemeji yangu ndiye mwenye gari. Alikaa barazani, simu mkononi, akaweka ramani mbele yetu kama jemadari. "Tunapita Bagamoyo, tunatokea Msata, Segera, Muheza, Tanga, halafu Pangani. Lami tupu mpaka Tanga. Saa sita saba tumefika."

Mimi nikapinga. Nikamwambia ipo njia nyingine: ukishavuka Mto Ruvu, pale Makurunge unapinda kulia, unapita Saadani na Mkwaja, bahari iko upande mmoja na pori upande mwingine, mpaka Bweni. Hapo unapanda kivuko, unavuka mto, umeingia Pangani. Ukiitazama ramani, njia hiyo ni fupi mno. Ya shemeji inazunguka kama kilometa 400. Yangu haifiki 300.

"Fupi kwenye karatasi," akasema shemeji. "Masika hayajaisha vizuri. Tukikwama na mama garini utabeba wewe?"

Sikuwa na jibu, lakini sikukubali kushindwa. Nilikuwa na sababu zangu, ambazo leo naona haya kidogo kuzitaja. Nilikuwa nimeanza kuandika habari za pwani yetu, nikataka kuiona njia ile kwa macho: minazi, magofu, tembo wa Saadani. Nilitaka mandhari. Shemeji alitaka saa. Mama alikuwa ndani akifunga kanga zake, na hakuna aliyemwita.

Nimeona niyaandike haya kwa sababu ubishi huo si wa barazani kwetu tu. Pwani hii imebishania njia kwa zaidi ya miaka 150, na mara nyingi aliyebeba mzigo hakuulizwa.

Tuanzie hapa hapa mtaani. Barabara inayopita pembeni ya Msasani kwenda Mikocheni na Kawe, ambayo sasa inaitwa Mwai Kibaki, wenyewe tuliizoea kwa jina la Bagamoyo ya Zamani. Jina hilo lilikuwa na maana. Kabla Dar es Salaam haijawa kitu, huku kulikuwa na vijiji vya wavuvi na wakulima, kimojawapo Mzizima, na mji wa maana kwa upande wa kaskazini ulikuwa Bagamoyo. Sultani Majid wa Zanzibar ndiye aliyeanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Alipofariki mwaka 1870 mji ukadoda, majumba yakaanza kuota majani. Misafara ya bara iliendelea kuingia na kutoka Bagamoyo, kana kwamba bandari ya Majid haipo.

Basi mwaka 1879 ghuba yetu ya Msasani ikaona kioja. Meli kutoka Bombay iliwashusha tembo wanne wa Kihindi, wamefugwa na wamefunzwa, pamoja na wachungaji wao. Waliletwa kwa amri ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na mkuu wa msafara alikuwa Kapteni Carter. Shabaha ilikuwa kufupisha safari ya bara. Mfalme alitaka kujua kama tembo anaweza kuchukua mizigo mpaka Ziwa Tanganyika badala ya mamia ya wapagazi, maana punda na ng'ombe walikuwa wakimalizwa na ndorobo. Wenye nyavu zao Msasani siku ile sijui walisimulia nini usiku, lakini naweza kukisia wapagazi walisema nini.

Tembo wale walianza vizuri, wakaivuka nchi ya ndorobo watu wakishangaa. Kisha wakafa mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1880 Carter mwenyewe na mwenzake Cadenhead wakauawa huko ndani, katika vita vilivyohusisha majeshi ya Mirambo. Huo ukawa mwisho wa njia ya mkato ya mfalme.

Hakuwa peke yake. Mwaka 1877 matajiri wa Kiingereza, akiwemo William Mackinnon mwenye meli, walianza kupasua barabara kutoka Dar es Salaam, nia yao ifike Ziwa Nyasa. Waliilima miaka minne hivi. Mwaka 1881 wakaiacha porini, ikiwa imefika kilometa 110 na ushei. Barabara ilikuwapo, lakini gari la kukokotwa halikuwa na mnyama wa kulikokota, na mpagazi hakuwa na sababu ya kuiacha njia yake aliyoizoea.

Hapa ndipo vitabu vingi vinapotupotosha. Ukivisoma unadhani njia za kwenda bara zilichaguliwa na kina Burton na Stanley. Burton na Speke waliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, katikati ya mwaka 1857, wakafika Ujiji Februari 1858. Stanley alitoka Bagamoyo Machi 1871, na Novemba mwaka huo akamkuta Livingstone Ujiji. Lakini waliozijua njia ni wengine: Wanyamwezi waliokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu tangu kabla ya Mzungu yeyote kufika, na watu kama Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani, ambaye aliongozana na Speke, na Stanley, na Cameron. Mabwana walikuwa wakibadilika, Bombay yule yule.

Mpagazi aliyebeba frasila mbili begani, yaani kama kilo 32, hakuchagua njia kwa uzuri wake wala kwa ufupi wake. Aliuliza mambo manne. Kuna maji? Kuna chakula cha kununua? Hongo ni kiasi gani? Kuna vita? Katika nchi ya Wagogo hongo ilikuwa kali, lakini kukwepa Ugogo kulimaanisha kukosa visima. Kwa hiyo misafara ililipa, ikanung'unika, ikapita. Njia fupi isiyo na kisima ni ndefu kuliko zote. Ingekuwa shemeji yangu ni mpagazi, angefika mbali.

Mpaka hapa hadithi ni tamu kidogo. Sasa nakuja kwenye sehemu iliyonivua ile shauku ya mandhari.

Mwaka 1872 tufani ilipiga Unguja, ikaing'oa mikarafuu kwa maelfu. Pemba ikanusurika zaidi, na bei ya karafuu ikapanda. Wenye mashamba wa Pemba wakataka mikono ya kufanya kazi. Mwaka uliofuata, Juni 1873, Sultani Barghash akabanwa na Waingereza, akatia saini mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na kufunga soko la Zanzibar. Manowari zikawa zinavizia majahazi. Njia ya haraka, ile ya kupakia watu Kilwa na kuwashusha visiwani kwa siku chache, ikawa ya hatari.

Wafanyabiashara walifanya nini? Walipitia nchi kavu. Watumwa kutoka Kilwa wakaanza kuswagwa kwa miguu kuelekea kaskazini, sambamba na bahari, kupitia nyuma ya Dar es Salaam, mpaka Pangani na kupita. Huko wengine walitumbukizwa katika mashamba ya miwa, wengine wakavushwa usiku kwenda Pemba. Ofisa mmoja wa Kiingereza, Frederic Elton, aliifuata njia hiyo na kuhesabu. Katika mwezi mmoja tu, kati ya Desemba 1873 na Januari 1874, hesabu yake ilipita watu 4,000. Ilibidi Barghash atoe amri nyingine mwaka 1876 kupiga marufuku misafara hiyo ya nchi kavu, na hata hapo biashara haikukoma siku moja.

Nataka msomaji ulitazame hilo vizuri. Njia ndefu ya pwani, ile ya upepo na minazi, ilichukuliwa si kwa sababu mtu aliipenda. Ilichukuliwa kwa sababu njia ya haraka ilikuwa na macho. Ugumu wake wote ukaangukia miguu ya wale ambao hawakuchagua kwenda wala kubaki. Sheria iliyotungwa kuwasaidia iliwaongezea mwendo wa wiki nyingi. Na baadhi ya vumbi hilo lilitimka si mbali na hapa ninapoandikia.

Siku ya safari tulitoka Msasani alfajiri, tukapita Mwenge, Tegeta, Bunju. Bagamoyo tulisimama kununua maji. Mama hakushuka. Nikaanza kumweleza habari za jina la mji: wapo wanaosema wapagazi ndio waliosema "bwaga moyo", wametua mizigo, wamefika pwani, wapumzike, wapo wanaosema ni watumwa, waliobwaga mioyo yao pale kwa sababu mbele ni bahari na kurudi hakuna. Jina moja, watu wawili.

Mama akasikiliza, akasema, "Na sisi je, tunabwaga au tunabeba?"

Shemeji akacheka. Tukaendelea.

Bagamoyo yenyewe iliuawa na mwendo wa haraka. Wajerumani waliufanya mji mkuu wao kwanza, kisha mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam, kwa sababu bandari ya Dar ina kina na imejificha, na meli za mvuke haziwezi kusogea ufukwe wa Bagamoyo uliojaa mchanga. Mwaka 1905 wakaanza reli ya kati kutokea Dar. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Mwendo wa miezi mitatu kwa mguu kutoka pwani mpaka Tabora ukawa wa siku chache. Wapagazi wakakosa kazi, na mji uliokuwa ukipokea maelfu yao kila msimu ukabaki na milango ya kuchongwa na kumbukumbu. Pangani nayo ilipata pigo la aina hiyo hiyo: reli ya kaskazini ilianza kujengwa 1893, ikatokea Tanga.

Kabla ya hapo miji hii ya pwani haikukubali kimya kimya. Pangani ndiko vita vya mwaka 1888 vilikoanzia, chini ya Abushiri bin Salim, ambaye Wajerumani walimnyonga huko huko Desemba 1889. Saadani alikuwapo Bwana Heri, aliyepigana mpaka mwaka 1890. Ukiipita njia ya pwani kwenda Pangani unapita katika mlolongo wa mahame ya watu waliokataa. Hayo ndiyo niliyotaka kuyaona.

Tukavuka Ruvu, mto ambao wasafiri wa zamani waliuita Kingani. Mbele kidogo ni Makurunge. Moja kwa moja unakwenda Msata, lami nyeusi. Kulia, Saadani. Shemeji akapunguza mwendo, nadhani kwa kunihurumia.

"Haya, mwandishi," akasema. "Sema neno la mwisho."

Nikageuka nyuma. Ndipo nikamwuliza mama, kwa mara ya kwanza tangu safari ianze kupangwa: "Mama, wewe ungependa tupite wapi?"

Mama alizaliwa Mkwaja. Najua hilo tangu utoto, kama unavyojua jina la ukoo, bila kulifikiria. Alitazama ile njia ya kulia kwa kitambo.

"Wewe mwanangu unaona minazi," akasema. "Mimi naona siku ambazo gari halikuja."

Akatueleza. Alikuwa na mdogo wake, wa tatu baada ya mama mkubwa na yeye. Masika ya mwaka mmoja, katika miaka ya sabini, uchungu ulimshika kabla ya siku zake. Hospitali ilikuwa Pangani. Lori walilolipata lilizama katika tope jeusi, wakamtoa, wakamlaza juu ya kitanda cha kamba, wanaume wakambeba zamu kwa zamu. Hakufika kivukoni. Mtoto alipona.

"Tumemzika kwetu. Mama mkubwa wako ndiye aliyemlea yule mtoto. Sasa mama mkubwa anaumwa, ananingoja. Pita kwenye lami, baba. Tukirudi, Mungu akijalia, tutapita huko."

Shemeji hakusema kitu. Akakanyaga mafuta.

Kilometa 64 za Bagamoyo mpaka Msata tulizimaliza kimya. Tukaingia barabara kuu ya kaskazini, tukavuka Wami kwa daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2022. Lile la zamani, la mwaka 1959, lilikuwa jembamba kiasi kwamba magari yalipishana kwa kungojana, na mteremko wake ulitisha madereva wa malori. Segera tukanunua machungwa. Jua linaelekea kuzama tukawa Tanga, na baada ya Magharibi tukabisha hodi Pangani.

Mama mkubwa alikuwa macho. Alimshika mdogo wake mkono, wakazungumza mpaka usiku wa manane, mambo ambayo sisi wengine hatukuyasikia wala hatukupaswa kuyasikia. Tungefika saa kumi baadaye angekuwa hai bado, sitaki kuongopa. Alikaa wiki nyingine tatu. Lakini usiku ule alikuwa na sauti, na asubuhi yake sauti ilikuwa imekwenda. Kwa hiyo saa zile za shemeji zilikuwa na maana yake.

Tuliporudi tulipita pwani kama mama alivyotaka. Kivuko kikatuvusha Bweni. Njia ilikuwa imekauka kiasi, ingawa mara mbili tulishuka tukasukuma. Mahali fulani tulikuta mitambo ya barabara mpya ikilala pembeni: ni mradi wa lami ya karibu kilometa 250 kuunganisha Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo, pamoja na daraja la zaidi ya mita 500 kuvuka mto pale Pangani. Ningekuwa ni yule mimi wa barazani, ningeandika malalamiko: lami itaua utulivu, malori yatawasumbua wanyama wa Saadani, mbuga inayopakana na bahari. Na yapo ya kweli katika malalamiko hayo. Reli iliijenga Tabora na kuiua Bagamoyo. Hakuna barabara inayokuja na baraka tupu. Lakini nilimtazama mama akiitazama ile mitambo, nikameza maneno.

Mkwaja tulisimama kwa saa moja. Kaburi halina maandishi, lina jiwe na mche wa mnyonyo ulioota wenyewe. Mama aliomba dua, akang'oa majani kwa mikono yake, hakutaka tumsaidie. Mtu mmoja alikuja na baiskeli kutusalimu, mwanamume mwenye mvi. Akampa mama shikamoo. Ndiye yule mtoto.

Tulimaliza siku nzima kufika Msasani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Shemeji alihesabu lita za mafuta na spring moja ya gari. Hakulalamika.

Wenzangu mnaoanza kuandika, ambao mnapenda historia kama mimi, nina ombi dogo. Mnapoandika habari za njia, msiishie kwa jina la aliyeongoza msafara. Ulizeni nani alibeba, alibeba kilo ngapi, na kama kuna aliyemwuliza apite wapi. Majibu mengine yamo katika vitabu. Mengine yamekaa kiti cha nyuma, yanafunga kanga, yanangoja kuulizwa.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatoka Dar mpaka Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili hivi. Nimeipanda. Kule Ruvu nilichungulia dirishani nione mto, ukapita kabla sijamwonyesha mama. Akaniambia nisihangaike, yeye alikuwa ameuona.